Sandwichi ya Tano

Mimi na Lorna Pruitt tumepika pamoja miaka mingi katika jiko la shule ya msingi, huku kwetu Kentucky ya mashariki, kwenye vilima vya makaa ya mawe. Haya alinieleza mwenyewe tukimenya viazi, bila kuinua macho, na sijawahi kumjua Lorna kuwa mtu wa kutia chumvi kwenye habari zake.

Walikwenda Florida wakati wa likizo fupi ya Oktoba, kwenye ile bustani kubwa ya michezo ambayo watoto wote wa huku huiota. Lorna aliipanga safari kama mtu anayepanga harusi. Mwanamke anayelisha shule nzima kwa bajeti ya kaunti hawezi kukubali familia yake iuziwe soseji moja kwenye mkate kwa bei ya kuku mzima. Kwa hiyo hakuchukua hoteli ya bustanini. Alipanga nyumba ndogo yenye jiko, nje kabisa ya mji, karibu na shamba la michungwa lililokauka nusu. Garini alipakia unga wa chapati za maji, maharage ya kopo, siagi ya karanga na begi la barafu la kubebea chakula cha mchana. Maji ya kunywa wangeomba kwenye vibanda, kwa kuwa maji yenye barafu hutolewa bure kwa anayeomba. Mumewe, Dwight, aliwaambia mabinti kwamba mama yao angebeba na hewa ya nyumbani kwenye chupa ili wasije wakauziwa ya kule.

Mabinti ni wawili. Maren ana miaka kumi na miwili, msichana wa maneno machache. Josie ana sita, huyo husema kila kinachompitia kichwani. Juu yao kulikuwa na kaka yao Colby, aliyefariki akiwa na miaka kumi na sita, gari lake lilipoteleza kwenye barafu darajani. Wakati wa safari hii ilikuwa imepita misimu miwili ya baridi tangu wamzike, na humo nyumbani jina lake lilikuwa halitajwi. Hakuna aliyelikataza. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake.

Colby ndiye aliyekuwa akiwafungia wadogo zake chakula cha shule. Lorna alikuwa anatoka kabla hakujapambazuka kuja kazini, na Dwight alikuwa bado hajarudi kutoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mbao. Kijana alikuwa na namna yake: siagi ya karanga, vipande vya ndizi, na chumvi kidogo juu. Kisha alikuwa akikata sandwichi vipande vitatu virefu, kama vidole, kwa sababu Josie alipokuwa mdogo hakukubali kula kwa namna nyingine.

Asubuhi ya kwanza kule Florida, Lorna aliamka kutengeneza chakula cha kubeba akakuta begi limeshafungwa na kuwekwa mezani. Alijua ni Dwight. Alifurahi, akapika kahawa, hakusema kitu. Dwight naye alikuja, akaliona begi, akanywa kahawa yake.

Saa ya kula walikaa kwenye benchi kando ya ziwa la kuchimbwa, muziki ukitoka kwenye vipaza sauti vilivyofichwa vichakani na wale wanyama wenye vichwa vikubwa vya kitambaa wakipita kupungia watoto. Lorna akafungua begi. Sandwichi zilikuwa tano, na zote zilikuwa zimekatwa vidole vitatu vitatu.

Aliniambia kwamba alimkasirikia Dwight hadi masikio yakawaka. Kisha akauma, akaisikia chumvi, na hasira ikamtoka yote. Aliendelea kula taratibu ili isiishe. Dwight alikuwa anatazama viatu vyake. Maren alikuwa anatazama maji. Josie peke yake ndiye aliyekula kama siku zote, akichezesha miguu. Lorna akairudisha ile ya tano begini, na jioni alipotaka kuliosha begi, haikuwemo.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu pia. Lorna alikuwa ameshaanza kuingoja saa ya kula kuliko michezo yenyewe, na jambo hilo lilimtia aibu. Alijiambia kwamba hivi ndivyo mumewe alivyochagua kuomboleza, na kwamba angemwacha amalize.

Jioni ya siku hiyo ya tatu alikuwa anamwogesha Josie. Mtoto akasema, huku akibana povu mikononi:

"Mama, mwambie Colby kesho asiweke ndizi nyingi. Zinateleza."

Lorna akafunga bomba.

"Nani kakwambia ni Colby?"

"Si ndiye anayetengeneza," Josie akasema, akaendelea na povu lake.

Lorna alimpangusa mtoto, akamvika, kisha akatoka nje alikokuwa Dwight akifagia mchanga ndani ya gari. Jua lilikuwa bado halijazama. Harufu ya machungwa yaliyooza ilikuwa imejaa uwanjani, na wale wadudu waliokuwa wakilia tangu wafike walikuwa wamenyamaza.

"Dwight, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unayetengeneza sandwichi."

Dwight aliuweka ufagio chini. Alimtazama mkewe kama mtu anayesubiri aambiwe ni utani.

"Lorna, mimi nilidhani ni wewe."

Dwight ndiye aliyeingia kwanza, akazunguka nyumba nzima akijaribu vitasa na madirisha. Yote yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Lorna alisema kwamba kama ni mwizi, basi ni mwizi anayejua watoto wao wanapenda nini. Dwight alimwomba tu wasiwaambie mabinti.

Alfajiri Lorna aliamshwa na mlio mdogo wa kisu kikigusa ubao. Dwight alikuwa amelala kando yake, mkono wake ukiwa mzito juu ya shuka. Dirishani kulikuwa na weupe mdogo tu. Alitembea bila viatu hadi mlango wa jikoni.

Alikuwa Maren. Alisimama mbele ya meza katika gauni lake la kulalia, macho wazi, hayaoni kitu. Mkononi alikuwa na mkate, akichukua kipande kimoja kimoja na kukipeleka mbele yake, juu ya meza, kisha anakiachia. Pembeni kulikuwa na sandwichi mbili zilizokwisha kukatwa. Uso wake, Lorna aliniambia, ulikuwa na furaha ambayo alikuwa hajaiona kwa muda mrefu.

Kumbe ni mtoto anatembea usingizini, jambo ambalo daktari yeyote angelieleza. Lorna alimshika mabega bila kumwamsha, akamrudisha kitandani, akamfunika. Kisha akarudi jikoni na kumalizia kazi mwenyewe. Alitengeneza mbili, akazikata pembe kwa pembe, kama anavyokata yeye. Pamoja na zile mbili zikawa nne. Aliziweka begini, akafunga zipu, akalitundika begi begani.

Hakulishusha tena. Hata kwenye mashua inayopita kwenye pango la vinyago aliketi nalo mapajani, mikono juu ya zipu. Dwight alipotaka kumsaidia kubeba, alikataa. Alimnong'oneza kwamba aliyekuwa akizitengeneza ni Maren, usingizini, na kwamba leo ziko nne, amezihesabu. Dwight alivuta pumzi ndefu, akafuta uso kwa kofia yake.

Mchana wakarudi kwenye benchi lile lile. Lorna akafungua. Akatoa mbili zilizokatwa pembe. Akatoa mbili zilizokatwa vidole. Mkono wake ukagusa nyingine.

Aliitoa, akaiweka mapajani. Ilikuwa imekatwa vidole vitatu, mkate ukiwa laini kana kwamba umefungwa muda ule ule. Ndizi zilikuwa chache, zimepangwa katikati ili zisiteleze.

Muziki wa vichakani uliendelea, na jitu moja lenye kichwa cha dubu lilisimama mbele yao likawapungia. Halikupungiwa, likaenda zake.

Dwight akasema, sauti ikiwa chini:

"Mimi ndiye niliyekuwa naichukua. Kila siku. Nilikuwa naenda kuila nyuma ya vyoo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unamwekea yeye. Sikutaka jioni uikute bado ipo."

Lorna alimtazama mumewe, mtu mzima wa mikono mikubwa, aliyesimama nyuma ya vyoo vya bustani ya watoto akimeza mkate wa mwanawe ili mkewe asiumie. Ndipo alipolia, mbele ya watu wote, wala hakujali. Akasema, "Ni ya Colby hii." Kutamka jina hilo mbele ya wote kulikuwa kugumu, lakini lilitoka.

Vile vidole vitatu wakavigawana. Josie na Maren walikula kimoja pamoja, kila mmoja kwa upande wake. Na baada ya hapo walizungumza. Maren alikumbusha siku Colby alipounguza chapati za maji akazificha kwenye sanduku la barua lililo nje ya nyumba, mleta barua akazikuta. Dwight alicheka hadi akakohoa. Josie, ambaye alimkumbuka kaka yake kidogo tu, aliuliza maswali na kila swali lilijibiwa.

Walipomaliza, Lorna alisimama na kwenda kwenye kibanda. Alirudi na paja la bata mzinga la kuchoma, kubwa kama rungu, lile ambalo bei yake aliilaani kila walipopita hapo. Dwight alimuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

"Kula kabla sijabadili mawazo," akamwambia. Walilila kwa zamu, mafuta yakiwatiririka hadi viwikoni.

Siku mbili zilizobaki Lorna alitengeneza sandwichi mwenyewe. Kila asubuhi alilikuta begi tupu, na kila mchana zilikuwa nne. Alishukuru, na ilimuuma vilevile.

Wakiwa njiani kurudi walisimama kwenye kituo cha mafuta, jimboni Georgia. Dwight alishuka kulipa. Josie alikuwa amelala. Lorna aliona ni vizuri Maren ajue, asije akajiumiza siku nyingine kwa kisu, akamweleza taratibu kwamba alikuwa anaamka usingizini na kutengeneza chakula.

Maren alifikiri kidogo.

"Nakumbuka kama ndoto," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nampa mkate tu, Mama. Aliyekuwa anakata ni yeye."

Lorna aligeuka mbele, akatazama kioo cha gari hadi Dwight aliporudi na kuuliza mbona wamekaa kimya. Alimwambia awashe gari, giza lisije likawakuta milimani.

Hajamuuliza Maren tena habari hizo. Maren analala vizuri, na siku hizi anazungumza zaidi kuliko zamani. Ila Lorna aliniambia kwamba anapofunga chakula cha mabinti asubuhi husogea kidogo upande mmoja wa meza, na kuacha nafasi ya mtu kusimama.