Nitueni

Muuza magari alianza siku kwa kufuta vumbi kwenye vioo vya mbele, kuanzia gari la getini hadi lile la mwisho lililoelekeana na ukuta, kwa kitambaa kimoja alichokuwa akikisuuza kwenye ndoo ambayo maji yake yalikwisha kuwa meusi. Ilikuwa Jumamosi. Watu wa Jumamosi huja kutazama, si kununua, kwa hiyo alipoona watu watatu wanaingia wamevaa vizuri hakujisumbua hata kukamua kitambaa. Aliwauliza swali analomuuliza kila mtu.

"Mzigo wenu ni upi?"

Aliyejibu ni kaka mtu, ambaye nyumbani wanamwita Mkurugenzi kwa sababu anapenda kuitisha vikao. Kitu kingine cha kuongoza hana. Alieleza kwamba yeye na dada zake wawili wanakodisha hema na viti vya sherehe, kwamba wamechoka kubembeleza malori ya watu, na kwamba kikao kimeamua gari moja lifanye kazi tatu: kubeba hema, kuvuta tela la jenereta, na kutembea.

Hilo la kutembea lilitoka kwa Dada Mkubwa, na ndilo jambo pekee alilowahi kuliomba kikaoni. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mtu unayedhani upepo ungemsogeza. Aliwalea wadogo zake tangu baba alipofariki, akamuuguza mama mpaka mwisho, na safari zake zote maishani ziliishia kwa mgonjwa, msibani au kwenye geti la shule. Jikoni kwake kulikuwa na kalenda iliyokwisha muda wake zamani, na hakukubali itolewe kwa sababu ya picha ya ziwa lenye ndege weupe. Alitaka kwenda kwenye ziwa lile, akae dirishani njia nzima, na akifika asimkute mtu anayemhitaji.

Muuzaji aliwapeleka kwenye magari mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu. Yote yalikuwa ya chasisi ndefu, na yote yanavuta kwa magurudumu manne. Jeupe lilikuwa na springi za kujiviringisha kama za godoro, viti vya kitambaa, madirisha mapana na paa linalofunguka ili mtu asimame atazame wanyama. La kaki lilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyolaliana, mabenchi mawili nyuma, kidirisha chenye wavu, na ndoano ya tela nene kama mkono wa mtu mzima.

"Jeupe litawabembeleza," alisema muuzaji. "La kaki litawatumikia. Sasa ni nyinyi tu."

Waliingia kwanza kwenye jeupe. Mkurugenzi alishika usukani, na yule mdogo wao, Kitindamimba, akakaa nyuma akajaribu paa. Gari halikutikisika. Kisha Dada Mkubwa akapanda, akakaa upande wa dirisha, akaweka kiganja chake kwenye kioo. Gari likashuka. Lilishuka taratibu, bila kelele, mpaka bomba la moshi likagusa kokoto.

"Limelala," alisema Kitindamimba, kama mtu anayesema bomba la maji linavuja.

Muuzaji alipiga goti, akachungulia chini, akauliza kama Mama amebeba kitu chochote. Dada Mkubwa alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na miwani, leso, simu, na funguo za nyumba tatu, moja tu kati ya nyumba hizo ikiwa yake. Muuzaji alitikisa kichwa. Si mkoba. Wateja wa namna hii alishawaona. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu mstaafu akapasua tairi kwa kuliegemea tu.

"Kuna uzito wa mwili na kuna uzito wa mambo," alisema. "Springi hazitofautishi."

"Nitueni," alisema Dada Mkubwa.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, akitazama mbele. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, aliruka chini akaenda kumfungulia mlango.

"Shuka basi, Dada. Pole pole."

Alishuka. Gari likainuka nyuma yake. Yeye alibaki vilevile, kokoto zikididimia chini ya viatu vyake.

"Sikusema nishusheni," alisema. "Nimesema nitueni."

"Si yale yale tu, Dada?"

Si yale yale hata kidogo. Nishushe unamwambia dereva, naye anakanyaga breki, mnaachana salama. Nitue anaambiwa mtu aliye karibu wakati kichwa chako kimeelemewa, na mtu huyo hawezi kukutua akiwa amekunja mikono. Lazima aushike ule mzigo, auhisi, na kwa kitambo kidogo uwe wake pia. Muuzaji alilijua hilo, maana alikulia kwenye nyumba ya wachota maji. Lakini mteja ni mteja, huwezi kumfundisha lugha kwenye yadi yako.

"Mshikeni mikono," alisema tu. "Mmoja huku, mmoja huku. Tuone."

Walimshika. Viatu vya Mkurugenzi vilizama kwenye kokoto mpaka kwenye kamba. Alijitazama tumbo, kisha uso, kwenye kioo cha gari, kama mtu aliyejikuta yeye mwenyewe ndani ya mzigo alioupokea. Kitindamimba alizama mpaka vifundoni, akaanza kulia.

"Ni mama," alisema. "Ni mama anainuliwa kitandani."

Miaka ile yeye alikuwa chuoni. Hakuwahi kumwinua mama hata mara moja, lakini alimtambua kwa jinsi alivyolegea.

Kisigino kimoja cha Dada Mkubwa kiliinuka. Kikafuata cha pili. Alisimama kwa ncha za vidole, upepo ukapita kati ya magari ukamsogeza kidogo kuelekea lile jeupe, naye akacheka. Ilikuwa furaha tupu, na inauma kuisimulia, kwa kuwa haikufika hata kwenye mlango wa gari.

"Mgongo wangu una matatizo, mnajua," alisema Mkurugenzi, akaachia.

Kitindamimba alibaki peke yake. Alijikaza, akazama mpaka kwenye ugoko, uso ukamwiva. "Dada, wallahi nitakuja kukutua," alisema. "Ngoja nipate nafasi." Kisha akaachia na yeye, afute machozi. Visigino vya Dada Mkubwa vikarudi chini.

Kikao kilifanyika pale pale, mbele ya boneti. Mkurugenzi alikifungua. Muuzaji akasema kwamba kwa mzigo wa kiasi hiki ni la kaki tu, na kwamba fundi wake anaweza kuongeza vyuma viwili kila upande. Suala la kupunguza mzigo halikutajwa. Muuzaji aliokota kitambaa chake akafuta boneti. Yeye kazi yake ni kuuza magari.

"Dada unaonaje?"

"Jeupe lina madirisha mazuri."

"Mazuri sana. Ila halikuwezi."

Ikapita hivyo.

Ziwani walikwenda, na la kaki, maana waliahidi. Walivuta na tela, kwa kuwa njiani kulikuwa na harusi ya kushushia viti. Dada Mkubwa alikaa nyuma, juu kabisa ya ekseli kama fundi alivyoelekeza, katikati ya hema zilizokunjwa. Walifika jioni. Ardhi ya kandokando ya maji ilikuwa tope, na ilikuwa wazi kwamba Dada Mkubwa angezama, awe ndani ya gari au kwa miguu, kwa hiyo Mkurugenzi aliegesha mbali, juu ya jabali.

"Tuangalizie vitu, Dada. Hatukawii."

Wakateremka. Kupitia kwenye wavu aliona kipande cha maji, na alipopinda shingo aliona kitu cheupe ambacho kingeweza kuwa ndege au mfuko wa plastiki. "Nitueni," alisema, lakini hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa linatua lenyewe, bila kumwomba yeyote.

Waliporudi walikuwa na furaha. Mkurugenzi alipitisha simu nyuma amwonyeshe picha.

"Hao ndio wenyewe, Dada. Wale wa kalenda."

"Wazuri," alisema Dada Mkubwa, na kweli walikuwa wazuri.

Kabla ya kuwasha gari, Mkurugenzi alipiga goti akachungulia chini kama alivyomwona muuzaji akifanya. Springi zilikuwa hazijashuka hata kidogo. "Hili ni gari la kazi," alisema akipangusa magoti. "Wala halijahisi." Wote walikubali kwamba walichagua vizuri. Kitindamimba alipanda mbele, akavua viatu vyake vilivyojaa tope, akageuka, akamwekea dada yake mapajani, visije vikachafua gari.