Shamba Lisilopuliziwa

Nzi weupe huhesabiwa asubuhi, baridi ikiwa bado imewashika. Jua likishawapasha, unagusa jani tu wanatawanyika kama unga. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu nilikuwa shambani kwetu Heru Juu, gauni limelowa umande hadi magotini. Mwanangu Oliva, wa mwaka mmoja na miezi minne, nilimwacha nyumbani na bibi yake. Niliinama kwenye shina la kwanza la muhogo, nikashika kikonyo cha jani polepole, nikaligeuza.

Hakuna nzi.

Nikageuza la pili, la tatu, yote matano ya juu kama nilivyofundishwa. Hakuna. Shina la pili, hakuna. Wiki iliyopita shina hilo hilo lilikuwa na nzi mia moja na kumi na tatu, na niliwahesabu mara mbili kwa kutoamini.

Tulikuwa na vipande vitatu pale. Kimoja cha mbegu mpya ya muhogo, kimoja cha mbegu yetu ya zamani kinachopuliziwa dawa, na kimoja cha mbegu yetu hiyo hiyo ambacho hakikuguswa na dawa tangu kipandwe. Hicho cha mwisho kilikuwa kibaya kukitazama, majani yamejikunja kwa ugonjwa wa batobato, manjano kama mgonjwa wa ini. Lakini Bwana Stanislaus, mtafiti anayetusimamia, aliniambia siku ya kwanza, "Mama Oliva, hiki kibaya ndicho kipimo chetu. Kikiharibika, vile viwili havituambii kitu."

Nzi wa kipande hicho ndio niliokuwa nawafyonza kwa kimrija na kuwatia kwenye vichupa vya spiriti. Maabara wanasoma vinasaba vyao kujua ni wa ukoo gani, maana kwa macho wote ni ndugu, kumbe ziko koo zinazosambaza ugonjwa kuliko nyingine. Misimu miwili nimekilinda. Nimefukuza mbuzi, nimegombana na watu wa kukata pingili za kupanda. Na siku hiyo wakulima thelathini na kitu walikuwa wanakuja kukiona, kutoka Rungwe Mpya, Munanila, hata Kibondo.

Nikachuchumaa. Sisimizi walikuwa chali juu ya udongo. Buibui ananing'inia kwenye uzi wake, hasogei. Majani yalikuwa na madoa meupe ya matone yaliyokauka, na nilipoyanusa nikaijua ile harufu. Ndiyo hiyo hiyo ya nyanya za shemeji.

Shemeji Bazilio ni kaka mkubwa wa mume wangu. Analima nyanya bondeni, na pale kwetu, ukiacha bomba la jaribio, ni yeye tu mwenye la kupulizia. Nilimkuta uwanjani kwake anapiga mswaki, shati safi tayari mwilini.

"Mwakeye, shemeji."

"Mwakeye, mwalimu wa nzi."

"Jana jioni ulipita kwenye muhogo?"

Akatema povu, akatabasamu. "Nilijua wewe utaona wa kwanza."

"Umepuliza?"

"Sasa watu watoke Kibondo waje kuona aibu ile? Mama akipata wageni anafagia uwanja. Mimi nimefagia shamba. Mabomba mawili, na sijakudai hata soda."

"Shemeji, kile hakipuliziwi."

"Hakipuliziwi kwa sababu dawa yenu haitoshi."

"Hakipuliziwi makusudi."

Akacheka mpaka mswaki ukamtoka. "Mmesoma mpaka mnafuga ugonjwa makusudi." Kisha akaniona uso, akapunguza sauti. "Basi nyamaza, shemeji. Nzi hawana midomo. Nani atamwambia huyo mtafiti wenu?"

Nilirudi shambani, nikakaa kwenye tuta na daftari mapajani. Nikisema, kipande kinafutwa, na jaribio la Heru Juu linaweza kufungwa kabisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tumbo la mimba ya Oliva likiwa limefika hapa, na ile ndiyo kazi ya kwanza iliyonitaka kwa sababu ya kichwa changu. Nikisema, shemeji anaaibika mbele ya tarafa nzima, na mume wangu yuko kwenye ujenzi Kibondo, kila akipiga simu ananiomba nikae vizuri na ndugu zake. Nisiposema, watu wataambiwa uongo kuhusu mbegu watakayopanda.

Nikachukua kalamu. Shina la kwanza, 98. La pili, 104. Mkono ulikuwa unajua namba zinazofanana na ukweli. Niliandika hadi shina la kumi, nikashindwa kuendelea. Nilibaki nimekaa pale na kalamu, nikijidanganya kwamba nitasema baadaye tukiwa wawili, mimi na mtafiti.

Gari lilifika saa nne limejaa, wengine wakaja na bodaboda. Baadaye haikupatikana. Bwana Stanislaus alikuwa na watu kila upande, na kila nilipomsogelea mtu alikuwa anamuuliza kitu. Walizunguka kipande cha mbegu mpya, wakapiga picha, wakazunguka kile kinachopuliziwa. Saa sita kasoro tukasimama kwenye kile kibaya. Mama mmoja wa Munanila, mwenye kitenge cha zambarau, akageuza jani.

"Mbona sioni nzi?"

"Jua limeshapanda, wametawanyika," akasema Bwana Stanislaus. "Huyu binti amewahesabu asubuhi. Mama Oliva, shina la kwanza wangapi?"

Thelathini na kitu wakageuka kunitazama. Shemeji alikuwa nyuma yao, mikono mifukoni, ananitazama pia.

"Tisini na nane," nikasema.

"Mnasikia? Shina moja. Na hapa halijapita hata tone la dawa."

Wakaguna. Mzee mmoja akasema kwao wangekuwa wameshaling'oa zamani. Ndipo mama mkwe wangu, Mama Theodosia, akatokea kwenye njia, ameshajifunga kanga safi ya wageni.

"Karibuni chakula, wanangu. Ugali uko tayari, na isombe nimeikaanga na mawese."

"Kisamvu cha wapi, mama?" yule mzee akamtania. "Siku hizi watu wanakula na sumu."

"Mboga za Bazilio siwezi kuwapa, anapuliza mpaka mbwa," mama akasema, wakacheka. "Hiki nimechuma hapa hapa alfajiri, hii mistari ya pembeni. Bwana Stanislaus mwenyewe aliniruhusu. Hapa ndipo pasipo na dawa."

Mistari ya pembeni haihesabiwi, ndiyo maana asubuhi sikuipitia. Niliitazama sasa. Vilele vyote vilikuwa vimechumwa.

"Mama, Oliva yuko wapi?"

"Jikoni na wifi yako. Nimemwacha anaonjeshwa, alikuwa analia njaa."

Nilimtazama shemeji. Mikono ilikuwa imetoka mifukoni. Wageni walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea nyumbani, wanaongea, mmoja anauliza pa kunawa.

"Kimepuliziwa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya tuta.

"Msile. Kipande hiki kimepuliziwa dawa jana jioni. Nilijua tangu asubuhi. Zile namba nimetunga."

Sikungoja kuona nyuso. Nilikimbia. Kutoka shambani hadi jikoni ni hatua mia tatu hivi, za kupanda, na siku hiyo kila tuta lilikuwa linanishika miguu. Nyuma yangu nikamsikia shemeji anaita, nikamjibu bila kugeuka, "Chupa ya dawa. Leta chupa."

Wifi yangu Yusta alikuwa amempakata Oliva, sahani pembeni. Kidevu cha mwanangu kilikuwa kijani. Niliipiga sahani ikaruka.

"Wifi, una wazimu?"

"Amekula kiasi gani?"

"Matonge mawili." Akaitazama sahani pale chini. "Matatu. Kwani nini?"

Nilimwosha mdomo na mikono, nikamfunga mgongoni, kijana wa bodaboda aliyeleta wageni akatupeleka zahanati bila kuuliza nauli. Njia nzima nilikuwa napeleka mkono nyuma kumgusa. Alikuwa anadondosha mate, shingo yangu imelowa. Mate yale yangeweza kuwa ya meno, maana alikuwa anaota magego. Yangeweza kuwa ya sumu. Sikujua, na ndiyo iliyoniua.

Muuguzi Firdausi alimlaza, akammulika macho, akasikiliza kifua. "Ametapika? Anaharisha? Anatetemeka?" Hapana, hapana, hapana. "Dawa gani?" Sikujua. "Mpulizaji yuko wapi? Bila jina la dawa nitakuwa nabahatisha."

Tukangoja. Dakika ishirini, labda zaidi. Firdausi alikuwa anarudi kummulika kila mara, na kila mara nilikuwa naangalia uso wake badala ya macho ya mwanangu. Kisha shemeji akaingia, shati lile safi limejaa tope, chupa ameishika kwa mfuko wa nailoni. Alikuwa ameizika kwenye shimo la takataka bondeni, akaifukua kwa mikono. Firdausi alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akampigia daktari wa hospitali ya wilaya, akamsomea herufi moja moja.

"Kuosha na kuchemsha majani kumeipunguza sumu, hakukumaliza," akatuambia. "Macho yake yako sawa hadi sasa. Anakaa hapa mpaka jioni. Mama, endelea kumnyonyesha, na ukiona anatoka jasho au mboni zinakuwa ndogo kama punje ya ulezi, niite."

Nilitazama mboni zile mchana kutwa. Sijawahi kuhesabu kitu kwa uangalifu kama nilivyohesabu pumzi za mtoto yule.

Saa tisa Bwana Stanislaus akaja, akakaa kwenye benchi. Hakuna mgeni aliyekula, alisema. Sufuria lilikuwa limeshamwagwa shimoni na kufukiwa.

"Tisini na nane uliitoa wapi?"

"Kichwani."

"Namba ngapi ni za kichwani?"

"Kumi, za leo. Za nyuma zote ni za kweli."

"Nitajuaje?"

Nilisema tu, "Hutajua."

Aliinamisha kichwa. "Kipande hiki kinatoka kwenye matokeo. Nitaandika kilichotokea, chote, na namba zako za nyuma nitaziweka pembeni mpaka tuzilinganishe na vichupa. Kuhusu kazi yako sina la kukuahidi."

"Andika na langu," akasema shemeji kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama hapo muda wote. "Mimi ndiye niliyepuliza. Yeye alinikataza."

"Alikukataza ukiwa umeshapuliza," Bwana Stanislaus akamjibu.

"Ndiyo. Andika hivyo hivyo."

Saa kumi na moja Firdausi alimmulika Oliva kwa mara ya mwisho. Oliva akaikamata tochi, akagoma kuiachia, wakavutana. "Huyu mpeleke nyumbani," Firdausi akasema. "Usiku akibadilika, mlete hata kama ni saa nane."

Mama Theodosia alikuwa nje, amekaa ukingoni mwa varanda, hakuwa ametaka kuingia. Aliponiona akasimama.

"Ningewaua wageni wangu kwa mkono wangu, mkamwana."

"Si wewe, mama. Mimi ndiye niliyejua nikakaa kimya."

Sikuona kusamehewa usoni mwake, sikuona pia chuki. Akanyoosha mikono, akamchukua Oliva, akambeba mgongoni na kuifunga kanga kwa mafundo mawili.

Bwana Stanislaus alikuwa anafungua mlango wa gari. Akasita, akarudi hatua mbili.

"Nzi watarudi kwenye kipande kile," akasema. "Wiki moja, mbili, sijui. Na sijui watatokea kwenye shamba la nani, wala kama watakuwa wa ukoo ule ule. Hilo hatujawahi kulipima hapa."

"Nihesabu?"

"Kesho asubuhi nitakuja. Tutahesabu wawili, kila mmoja na daftari lake, na hatutaonyeshana mpaka tumalize."

Nikasema sawa. Niliona ni haki.