Ongeza Maji

Maabara ilinuka uduvi na sabuni ya choo. Bibi, muuza uduvi wa mtoni, alikaa kwenye stuli amekumbatia kikapu chake, huku binti wa maabara akisaga konzi moja ya uduvi ule mpaka ukawa uji wa kijivu.

"Humu chupani mna vijidudu vinavyowaka, bibi. Vikionja sumu, vinazimika."

Akazima taa. Chupa iling'aa buluu, nzuri kuliko chochote mle ndani. Akatia uji. Mwanga ukafifia, ukafa.

Bibi hakushangaa. Mjukuu wake aliyekuwa akikimbia uani sasa hawezi kushika kijiko, tangu kiwanda cha betri kielekeze bomba lake mtoni. Alitaka kitu kimoja tu, bomba lizibwe. Ushahidi ndio huo, giza totoro.

Mkurugenzi wa maabara akaingia na mgeni wake kutoka kiwandani, wote wananukia manukato. Akaitazama chupa.

"Mzito mno huu uji. Ongeza maji."

"Lakini bosi, kipimo chake ndicho hicho..."

"Binti, kazi unaitaka au huitaki?"

Binti akaanza upya na chupa nyingine, akaongeza maji. Giza. Akaongeza tena. Mgeni akapiga miayo. Binti akamimina mpaka uji ukabaki jina tu, na ndipo chupa ikawaka.

Mkurugenzi akamgeukia bibi. "Mama, macho unayo. Unaona mwanga?"

"Nauona, baba. Lakini mjukuu wangu hakula maji. Kala uduvi."

"Nimekuuliza, unaona huoni?"

"Naona."

"Basi yamekwisha. Mlalamikaji mwenyewe kashuhudia."

Bibi akafunua kikapu. "Kama ni salama, karibuni. Umekauka vizuri."

Mkurugenzi alirudi nyuma, akajifuta mikono kwenye suruali, na wala hakuwa amegusa kitu. "Nimeshiba, mama."

Bibi akajiinua kwenye stuli. Angekuwa na ujasiri, angewatapikia viatu vyao vinavyometameta.

Alipokuwa akijikongoja kutoka, mkurugenzi alikwisha kusimama barazani kuwatangazia majirani waliokuwa wakisubiri jibu. Mlinzi akamfungulia bibi geti.

"Usiumwage uduvi hapa, bibi. Bosi kasema paka wake ana tabia ya kuokotaokota."

Jirani yake alimpokea na bakuli mkononi, mtoto kiunoni.

"Afadhali, mama! Nipimie, tangu jana hatujatia kitu mdomoni."

"Sikuuzii. Una sumu huu."

"Sumu gani tena? Si wamesema wewe mwenyewe umeuona mwanga?"

Bibi akageuka kulitazama geti.

"Uliuona, hukuuona?"

"Niliuona," alisema bibi, na alipoinamisha macho, mtoto alikuwa amekwisha kuzamisha mkono kikapuni, anatafuna.