Posa ya Watu wa Shufu

Wageni walitoka Riyadh, mtaa wa Malaz, mpaka kwetu Hindawiyah hapa Jeddah, kumposea kijana wao Murad binti yetu Safa. Murad ana adabu zake, na ni Muyguri kama mume wangu Abdulahad. Wazee wao wote walihama kutoka magharibi ya Uchina. Safa anampenda. Mimi Mzanzibari, nimeshakaanga sambusa na furaha imenijaa.

Abdulahad akauliza, "Kwenu hasa ni wapi?"

"Wilaya ya Shufu," akajibu baba yake Murad.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Sisi ni watu wa Kashgar. Binti yangu haolewi nje ya mji wetu."

Hivyo tu. Watu wamesafiri njia yote ile, wanarudishwa kama waliokuja kuomba chumvi. Na yeye ndiye walii. Akikataa, hakuna ndoa. Wakaaga kwa heshima, wakashuka ngazi. Safa akajifungia chumbani.

"Wewe umeoa Mzanzibari," nikamwambia. "Mie natoka Kashgar ipi?"

"Wewe ni mambo mengine, Mama Safa. Baba aliusia. Halas, yamekwisha."

Ati baba aliusia. Baba mkwe nimemuuguza mimi mpaka akakata roho, na habari za kwao nimezisikia mimi, huyu mwanawe akiwa hana nafasi.

"Baba yako alipohama, mji wa Kashgar ulikuwa ndani ya wilaya ya Shufu. Serikali imekuja kuutenga mwaka hamsini na mbili, yeye yuko Makka anauza kofia. Kisha jimbo zima likapewa jina jingine. Wakubwa wanagawa watakavyo, nyinyi huku mnafukuzana. Hata baba yangu aliondoka Unguja, nyuma yake nchi ikaunganishwa, ikapewa jina jipya. Sasa mie sina kwetu?"

Akaanza kukusanya vikombe, nami nikaendelea.

"Kama mtu wa Shufu hafai kumwoa Safa, basi hata baba yako asingefaa kukaribishwa humu. Mkatae na yeye."

Rangi ikamtoka usoni. Akakimbilia ngazi bila viatu.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amewawahi, ameshika mlango wa gari, anawasihi. Baba yake Murad alitazama mbele tu, injini inaunguruma. Sikumhurumia hata kidogo.

Safa akaja kusimama kando yangu, macho yamemvimba.

"Mama, watarudi?"

"Sijui, mwanangu. Mie nisingerudi."