Amepata Ukaazi

Kaka yangu Fidencio hajawahi kusema uongo, na hiyo ndiyo sababu alikaribia kuniangamiza. Mwongo angalau huchagua maneno yake.

Nilimwomba kitu kimoja tu. Kwetu Santa Rita, huku juu milimani Oaxaca, mtu anayetaka kuwa mbali kwa muda huomba ruhusa kwenye mkutano wa kijiji. Asipoomba, anahesabiwa kahama. Mimi nilikuwa nimealikwa kwenye nyumba ya wasanii huko Alberta, Kanada, na tarehe ya kusafiri ikanikuta kabla ya siku ya mkutano. Nikamwambia Fidencio aende aniombee, awaeleze kwamba nimepata ukaazi wa msanii: chumba, karakana na chakula kwa msimu wa baridi, kisha narudi nyumbani. Fidencio akasimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema kwa fahari, "Dada yangu Edelmira amepata ukaazi Kanada." Akaketi. Watu wakampigia makofi.

Kwetu ukaazi ni kitu kimoja tu. Ni zile karatasi ambazo watu huvuka jangwa wakizitafuta. Mtu akizipata huoa huko huko, hutuma picha amesimama kando ya gari, na tunamwona tena siku ya kumzika. Hatumkasirikii. Tunampongeza, halafu tunagawana ardhi yake.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa Alberta, nakula.

Wenyeji wangu walikuwa watu wema mno, na wema wao ulinichosha. Gwen, mkuu wa nyumba ile, mwanamke mrefu aliyejifunza Kihispania Guatemala, alinikuta siku ya kwanza jikoni naosha sahani. Akanishika mabega akanitoa. "Wewe ni msanii, Edelmira. Hapa hufanyi kazi." Nikajisemea moyoni, mgeni siku mbili, ya tatu atanipa jembe. Siku ya tatu ikapita, wiki ikapita, jembe sikuliona. Badala yake kila mtu aliniuliza mradi wangu ni nini.

"Nafinyanga mitungi," nikasema.

"Ndiyo, lakini mradi?"

"Mtungi mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Wa kuingia mimi mzima!" nikajibu kwa hasira. Wakafurahi sana, wakaandika, na kufikia hapo ikabidi niufinyange kweli.

Nisijifanye, nilikuwa na raha. Tangu nizaliwe sijawahi kufinyanga asubuhi nzima bila mtu kuniita: kuku wameingia, maharage yanaungua, shangazi anaumwa. Kule theluji ilianguka nje kimya kimya na udongo ulinisubiri. Udongo wao ulikuwa laini kama unga wa ngano na hauna uti wa mgongo, kwa hiyo niliuchanganya na wetu. Nilikuwa nimeujaza kwenye sanduku la nguo. Nguo niliziacha nyumbani.

Wetu ni mwekundu, una mchanga ndani yake, unavumilia moto wa wazi. Unatoka kwenye shimo moja chini ya korongo, alilochimba mama yangu na kabla yake bibi. Shimo ni mali ya kijiji. Sisi tunalitumia kwa sababu sisi ni watu wa pale. Bila shimo lile mimi si mfinyanzi, ni mwanamke mwenye mikono michafu.

Mtungi ulikuwa umenifika kifuani Chona aliponipigia simu. Chona ni komadre wangu, maana mimi ndiye niliyemsimamia binti yake ubatizo, na kwetu hilo ni zaidi ya undugu.

"Komadre, hongera," akasema. Sauti yake ilikuwa baridi kuliko nje.

"Hongera ya nini?"

"Ya ukaazi. Ungeniaga walau. Kumbe mimi ni mtu wa kusikia habari zako mkutanoni, pamoja na mbuzi."

"Ukaazi gani, Chona? Nimekuja kufinyanga! Narudi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Rita."

"Sasa mbona kaka yako..."

"Kaka yangu nini?"

Akanieleza. Halafu akaongeza, polepole, "Na Rutilio ameomba shimo lako. Anataka udongo wa matofali. Wataamua Jumapili."

Rutilio ni binamu yangu, nyumba yake inafuata yangu. Kila akichimba mahali hubaki bonde. Nikakaa sakafuni na mikono yenye matope. Nikampigia Fidencio.

"Ulisema nini mkutanoni?"

"Ulichonituma."

"Nilikutuma useme ukaazi wa msanii! Wa msanii, Fidencio!"

"Si wanajua kuwa wewe ni msanii? Niseme kitu wanachokijua?"

"Na kwamba narudi?"

"Hilo nalo," akasema kwa mshangao wa kweli, "nani asiyejua?"

Nikakata simu nisije nikamtukana mama yetu. Nikampigia Mzee Evodio, anayeongoza mkutano. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema, "Binti yangu, mkutano hauzungumzi na simu. Mtu huonekana au haonekani."

Basi nikaamua kwenda kuonekana. Nilijua maana yake. Mtungi mkubwa hauachwi katikati: ukikauka mdomo, udongo mpya haushiki tena, na kazi yote inabaki vigae. Nilimwendea Gwen nikamwambia narudi nyumbani, mradi basi.

"Lakini hilo ni neno tu, Edelmira," akasema. "Si utawaeleza ukirudi?"

"Neno tu! Nyie mna karatasi za kila kitu, hata za paka. Sisi tuna neno. Likishasemwa mbele ya watu, hilo ndilo hati."

Hakukasirika. Alikaa kwenye kompyuta yake, akatafuta na kutafuta, akageuka uso umesawijika. Ndege ya mapema kabisa ilikuwa Jumatatu. Akasema ataniwekea nafasi hiyo hivyo hivyo, na mimi nikatikisa kichwa kukubali, ingawa nilijua Jumatatu ningefika kutazama mikokoteni ya Rutilio.

Nilimwambia Chona asimame anisemee. Akakataa. "Nikikutetea mimi, watasema ni komadre wake huyo, atasema nini kingine? Niachie. Nina akili yangu."

"Akili gani?"

"Nikikwambia utaipinga."

Jumapili sikujua pa kukaa. Nikaingia karakana. Sikuwa na sababu ya kuumalizia mtungi, ila mikono haikujua habari za Rutilio. Nikapanda kwenye kiti, nikaendelea kuviringisha udongo na kuubandika, mzingo juu ya mzingo, nusu ya mwili nimeinamia ndani. Nililia humo. Mtungi ulinirudishia kilio changu, kinene kuliko nilivyokitoa, kana kwamba mama naye yumo ndani analia. Simu niliiweka mezani chini ya kitambaa nisiione. Ilipolia nilikaribia kuanguka na mtungi; nikanyoosha mkono nikaipokea kwa spika, nikaiacha hapo hapo mezani.

Nyuma ya sauti ya Chona kulikuwa na vicheko na viti vinaburutwa.

"Komadre, umekaa au umesimama?"

"Nimo ndani ya mtungi! Sema!"

"Umechaguliwa."

"Nimechaguliwa nini?"

"Kamati ya maji. Mwaka mzima."

Sikuelewa. Kamati ya maji haina mshahara. Unapanda mlima kufuata bomba, unatoa vyura na majani, unafukua matope, na mfereji ukikauka kijiji kizima kinakutukana wewe na ukoo wako. Siku ya kuchagua watu huugua ghafla. Nimeona wanaume wazima wakiingia mkutanoni na magongo na kutoka wanatembea.

"Chona, nani alinitaja?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nyamaza usikilize. Mzee Evodio alianza na kamati kabla ya ardhi. Akauliza majina. Kila mtu anatazama viatu vyake. Nikasimama nikasema, namtaja Edelmira. Rutilio akaruka kama kachomwa: 'Hawezi! Yule si wa hapa tena, amepata ukaazi!' Mzee akamtazama, unajua anavyotazama. Akasema, 'Sawa, Rutilio. Kama Edelmira si wa hapa, zamu yake inaruka inakwenda nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata ni ya nani?'"

Nikaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Komadre, ungemwona! Akakohoa. Akakuna shingo. Akasema, 'Tukilitazama vizuri jambo hili, kuna ukaazi mwingine huwa wa muda mfupi tu.' Kisha akawa wa kwanza kunyoosha mkono kukuchagua!"

"Na wengine?"

"Mikono yote juu, hata ya waliolala. Nani anataka bomba lile? Halafu Mzee Evodio akasema, mwenye wadhifa hanyang'anywi kitu, shimo la Edelmira lisiguswe. Imekwisha. Unanisikia? Imekwisha."

Nilimsikia. Nikalia tena, safari hii kwa sauti na kwa raha, na mtungi ukalia pamoja nami. Kwenye simu nikasikia mtu anamwomba Chona aongee. Alikuwa Fidencio.

"Dada, mimi nilisema kweli tu."

"Najua. Usiseme tena."

Gwen aliingia mbio akidhani nimeumia. Alikuwa ameshika karatasi ya safari ya Jumatatu.

"Irudishe," nikamwambia. "Nabaki mpaka mtungi uishe."

"Imekuwaje?"

"Wamenipa kazi. Mwaka mzima, bila malipo, kuzibua bomba mlimani. Matope hadi hapa."

Akasononeka. "Oh, Edelmira. Pole sana."

"Pole ya nini?" Nilimkumbatia na matope yangu yote, akachafuka kuanzia kidevuni. "Sema hongera! Wamenipa jembe!"

Hakuelewa, lakini alisema hongera. Kwenye simu mezani Chona alikuwa bado anapiga kelele, anauliza kama nipo.

"Nipo," nikasema.

"Kuna tatizo tayari. Mfereji wa juu haujatoa maji tangu Alhamisi. Rutilio anasema atapanda kesho na patasi kuzibua bomba."

Nikajifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na udongo wetu.

"Mwambie asithubutu," nikasema. "Bomba hilo ni langu. Aliguse aone."