Mguu wa Kukanyagia Cherehani

Daktari aliyatazama majibu ya damu ya shangazi, akayatazama tena, kisha akatutazama sisi. Nikajua hapo hapo kwamba leo hatutoki na vidonge vya kutuliza maumivu tu.

“Mama, unaumwa popote?”

“Siumwi mimi. Huyu Kasuku ndiye kanileta. Uchovu tu, mwili mzito.”

“Mwili mzito! Anasema kama habari mpya,” nikadakia. “Shangazi, hicho kiti kinaomba msaada.”

“Mwone! Shati hilo nani kakushonea? Livue.”

Daktari hakucheka. Akasema mtu mnene mwenye sukari, mafuta yenyewe huuchokoza mwili, ndiyo maana kipimo cha uvimbe wa ndani kwa watu kama shangazi mara nyingi hupanda kidogo.

“Kidogo, ningenyamaza. Hiki chako kimepaa. Mwili unapigana na kitu, mama, na lazima tukipate leo.”

Akasikiliza kifua. Kizima. Akabonyeza tumbo, akachungulia koo, meno, masikio. Kote hakukuta kitu.

“Tumbo hilo lina vyumba vingi, tafuta vizuri,” nikasema, lakini sauti ilitoka nyembamba.

“Vua viatu, mama.”

“Miguu ndiyo mizima kabisa! Huu wa kulia nakanyagia cherehani mchana kutwa, tena peku. Nikivaa kiatu siisikii mashine.”

“Fumba macho. Nikikugusa, sema.”

Akafumba, anatabasamu. Daktari akagusa kidole gumba cha mguu wa kulia. Kimya. Akagusa cha pili, cha tatu, akashuka hadi kisigino. Shangazi anasubiri tu na tabasamu lake, kama mtu anayepigwa picha.

“Haya, anza basi, daktari! Nina nguo za watu.”

Utani wote ukaniishia.

Daktari akauinua mguu, akamulika unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu dogo jeusi, nyama ya pembeni imevimba na kuiva. Akaingiza koleo, akavuta taratibu. Ikatoka ncha ya sindano ya cherehani. Sindano ikivunjika, shangazi huchomeka nyingine na kuendelea kushona, kipande hakitafuti. Usaha ukafuata. Mguu haukutikisika.

“Kasuku, mbona kimya? Ameanza?”

Daktari akanivuta pembeni. Chumba cha upasuaji, sasa hivi. Kama usaha umeshafika kwenye mfupa, basi mguu... Hakumalizia, nami sikumwomba amalizie.

Tangu utotoni, nikimfinya shangazi hata kwa mchezo, matusi yake husikika nyumba ya tatu. Nikarudi, nikapiga magoti. Nikashika kidole cha mwisho cha mguu ule ule, nikakifinya kwa nguvu zangu zote, mpaka kucha zikazama.

“Nitukane, shangazi,” nikamwambia. “Tafadhali.”

“Nikutukane kwa lipi, mwanangu?” akauliza, macho bado kafumba.