Mapazia ya Mwalimu Sinema

Kabla projekta haijaja, Macho aliongoza darasa zima kwa baiolojia, na wenye wivu wapasuke. Homa ya utotoni ilimwachia masikio ya kutundikia hereni tu. Kusikia alisikia kwa macho, akisoma midomo ya watu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mwalimu alisimama penye mwanga wa dirisha, akachora moyo ubaoni kwa chaki, akawageukia, akaeleza. Macho hakupitwa na neno, hata yale ambayo mwalimu aliyanong'ona kuhusu mkuu wa shule.

Mashine ilipofika, mwalimu alitundika mapazia meusi, akazima taa, akaenda kuketi nyuma kabisa. Wanafunzi wakambandika jina: Mwalimu Sinema. Moyo ukadunda ukutani, damu ikakimbia kama inadaiwa, na mtu asiyeonekana akaeleza yote. Kwa Macho, ulikuwa ukuta unaotapatapa tu.

Aliomba pazia moja lifunguliwe. Akajibiwa kwamba picha zimeletwa hasa kwa ajili ya watu kama yeye, ashukuru.

Muhula haukuisha, Macho akawa anaburuta mkia. Mama yake akaitwa, akaambiwa kwa upole wa kukera kwamba sayansi imemshinda binti, ahamie masomo mepesi. Huko hakuna baiolojia, na bila baiolojia uuguzi aliouota tangu utotoni umekwenda na maji. Mama akauliza mbona mwaka jana haikumshinda. Mwalimu akasema mwaka jana mada zilikuwa rahisi. Macho aliusoma uongo huo mdomoni mwake, mchana kweupe, damu ikamchemka.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha figo. Filamu ilipoanza, Macho aliinuka, akaenda kwenye mashine, ambapo mwanga wake ulimfikia mwalimu usoni, akakata sauti.

"Samahani, Mwalimu. Hebu tuambie huyu bwana anasema nini."

"Rudisha sauti, binti."

"Yangu haina pa kurudishia. Hivi ndivyo ninavyosoma tangu mashine ifike. Vile vidoti vya njano ni nini?"

Filamu yenyewe mwalimu hakuwa ameitazama kabla. Akakohoa. Akasema maji, vidoti vikageuka vikarudi kwenye damu, akasema hapana, chumvi, vingine vikateremka, akakohoa tena. Jirani wa Macho dawatini akashauri mwalimu naye ahamie masomo mepesi. Darasa likavunjika mbavu, Macho akatolewa nje mpaka kengele ilipolia.

Lakini siku ya pili mapazia yalikuwa nusu wazi. Mwalimu alisimama mbele, akiwaelekezea uso. Aliionyesha filamu kidogo, akaisimamisha, akauliza kinachofuata, akaandika neno gumu ubaoni, ndipo akaendelea. Hata wenye masikio mazima, waliozoea kusinzia gizani, walianza kunyoosha mikono.

Alama za Macho zikapanda. Mkuu wa shule akamsifu mwalimu mbele ya shule nzima kwa ubunifu wake. Naye mwalimu akamwita tena mama, akatabasamu, akasema ameamua kumpa binti nafasi nyingine abaki sayansi, kwa kuwa sasa anajitahidi.

Mama akaanza kushukuru. Macho akamshika mkono.

"Usimshukuru, mama. Mimi ni yuleyule. Mwalimu alinizimia taa, kisha akasema sioni."

Mwalimu akatazama saa yake. Mama akamtazama binti, kisha mwalimu, kisha akauliza kwa adabu zote ofisi ya mkuu iko upande gani, maana hayo angependa yasemwe huko pia. Macho alikwishatangulia mlangoni.